Mtumishi Aliyetumwa Kutazama Mawingu

Mazungumzo ya asubuhi katika redio. Somo: 1 Wafalme 18:41-46

  Asubuhi hii twataka tuzungumze nanyi juu ya mvua kubwa, na juu ya maji yanayokuja kwa ghafla baada ya mvua hiyo.

Katika nchi yetu ya Kenya sehemu nyingi hutazamia mvua mara mbili kwa mwaka: mvua ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, na mvua ya vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mvua ikichelewa, twaita watu kanisani tuombe. Ikizidi, twaita watu tena. Wazee wetu walioandika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 walilijua jambo hili vizuri. Waliweka sala ya kuomba mvua, na mara tu baada yake wakaweka sala ya kuomba mvua ikome. Sala hizo mbili zinakaa jirani, kama vile njaa na mafuriko yanavyokaa jirani katika maisha ya mkulima.

Sasa tufungue Biblia zetu. Kule mlimani Karmeli, baada ya ukame wa miaka mitatu, nabii Eliya alimwambia mfalme Ahabu aende akale na kunywa, kwa kuwa mvua nyingi ilikuwa inakuja. Kisha Eliya akapanda kileleni, akainama mpaka nchi, akaweka uso wake kati ya magoti, akaomba. Lakini angalieni alivyofanya wakati ule ule. Alimtuma mtumishi wake apande atazame upande wa bahari. Mtumishi akaenda, akarudi, akasema hakuna kitu. Akatumwa tena, mpaka mara saba. Mara ya saba aliona wingu dogo likitoka baharini, ukubwa wake kama mkono wa mtu. Ndipo Eliya akampa ujumbe wa kumpelekea Ahabu, kwamba atengeneze gari lake ateremke upesi, asije akazuiliwa na mvua.

Mara nyingi tunapohubiri sura hii twahubiri juu ya moto ulioshuka juu ya madhabahu. Ni haki, kwa maana ni habari kuu. Leo lakini twataka tumtazame yule mtumishi ambaye Biblia haitutajii hata jina lake. Yeye hakuomba moto, wala hakubishana na manabii wa Baali. Kazi yake ilikuwa kupanda, kutazama, kurudi na kusema alichoona. Tuna mambo matatu ya kujifunza kwake.

Jambo la kwanza: aliyeomba ndiye aliyetuma mtu kutazama.

Wako Wakristo wanaodhani kwamba kusikiliza utabiri wa hali ya hewa ni dalili ya imani haba. Husema, Mungu ndiye anayejua, mwanadamu ni nani hata aseme kesho itanyesha? Wandugu, hakuna mtu aliyeomba kwa imani kuliko Eliya siku ile. Alikuwa na ahadi ya Mungu mwenyewe kwamba mvua itakuja. Hata hivyo, alipokuwa ameinama, aliweka macho ya mtu mwingine juu ya bahari. Maombi yake na macho ya mtumishi wake yalifanya kazi pamoja, wala moja halikumwonea haya mwenzake.

Nasi leo tunao watumishi wa namna hii. Huenda umewahi kuona katika uwanja wa shule au wa misheni chombo kidogo cha chuma, mviringo, kimezungushiwa uzio ili ng'ombe wasikiangushe, tena kimewekwa mbali na miti na mapaa. Hicho ni kipima mvua. Kila siku saa tatu asubuhi mtu huenda kukisoma. Humimina maji yaliyokusanyika katika chupa yenye alama, huangalia ni milimita ngapi, huandika katika kitabu. Kama hakuna maji, huandika kwamba hakuna. Habari hizo hupelekwa kwa Idara ya Hali ya Hewa, ambayo makao yake makuu yako Dagoretti Corner, Nairobi. Wengi wa wasomaji hawa ni watu wa kujitolea: mwalimu, mkulima, mtunza misheni. Wako na wengine wanaosimama kando ya mto, wakisoma ubao wenye alama za mita uliosimikwa majini. Pale Ruambwa, kwenye daraja la mto Nzoia, kipimo kama hicho huwaambia watu wa Budalang'i ni maji kiasi gani yanawajia kutoka milima ya Cherangani na Elgon.

Hata wazee wetu wa zamani walitazama. Kule Bunyore, watu wa ukoo wa Nganyi walijulikana tangu kale kwa kuangalia miti inavyochanua, ndege, siafu na upepo. Katika miaka ya 2000 wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa walianza kuketi nao, wakalinganisha dalili za wazee na vipimo vya vyombo. Sisi Wakristo hatumwombi mwanadamu mvua. Twamwomba Mungu peke yake. Lakini kutazama kwa makini kile ambacho Muumba ameweka mbele ya macho yetu si ushirikina. Bwana Yesu mwenyewe alisema kwamba watu waliona wingu likitoka magharibi wakajua mvua inakuja. Hakuwalaumu kwa kujua hilo. Aliwalaumu kwa kuwa waliweza kusoma anga wasiweze kusoma majira ya Mungu.

Jambo la pili: mtumishi alisema kweli, hata pale ambapo hakuna kitu.

Mara sita alipanda, mara sita akarudi na neno lile lile. Hebu fikirini alivyochoka. Angeweza kukaa chini ya mwamba mahali Eliya hamwoni, kisha arudi aseme hakuna kitu bila kutazama. Au angeweza kumfurahisha bwana wake kwa kusema ameona wingu ilhali hakuliona. Hakufanya hivyo. Na kwa sababu alisema kweli mara sita, neno lake la saba liliaminiwa papo hapo. Eliya hakwenda kuhakikisha kwa macho yake mwenyewe. Alitoa amri mara moja.

Wapendwa, hapa pana somo kwa kila mmoja wetu anayeshika simu mkononi. Siku za mvua kubwa habari huruka kijiji hadi kijiji. Mmoja asema bwawa limepasuka, mwingine asema daraja limekwenda, na pengine hakuna aliyeona. Mtu akidanganywa mara tatu, mara ya nne hatakimbia, na hiyo ya nne ndiyo itakayokuwa kweli. Kabla hujapeleka habari, jiulize: nimeona mimi, au nimesikia tu? Ukisema kweli katika habari ndogo, utaaminiwa siku ya habari kubwa.

Tena tusiwacheke watazamaji wanapotuambia mvua itakuja nayo isije. Wanasoma mawingu, hawayaamuru. Mwaka 2023 watu walibishana sana, mitaani na maofisini, kama mvua ya El Niño ingekuja au isingekuja. Mwezi wa Novemba maji yakajibu: Mandera, Garissa, mto Tana na sehemu za Pwani zikafurika. Mabishano yalikwisha, lakini siku ambazo tungezitumia kuhamisha wazee na mifugo zilikuwa zimekwisha pia.

Na tutazame kidogo kwa nini wingu dogo si kitu kidogo. Idara inapotoa onyo la mvua kubwa, mara nyingi husema mvua inayozidi milimita 20 kwa saa 24. Mtu husikia milimita akadhani ni mchezo. Lakini milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita nzima ya maji. Chukua paa la kanisa lako, urefu mita 20 na upana mita 10. Ikinyesha milimita 30, paa hilo peke yake limepokea lita 6,000, yaani mapipa 30 ya lita 200. Sasa toka nje ya kanisa, utazame mlima mzima ulio juu ya kijiji chenu, uliokatwa miti, udongo wake umekauka na kuwa mgumu kama sakafu. Maji hayo yote hayaingii ardhini. Yanatafuta korongo, na korongo linayapeleka mtoni yote kwa pamoja.

Ndiyo maana kule Ukambani na nchi za kaskazini mto unaweza kuwa mchanga mtupu saa nane, watoto wakichimba maji ya kunywa, jua linawaka, na saa tisa ukawa ukuta wa maji ya tope. Mvua haikunyesha pale. Ilinyesha kwenye vilima vya mbali. Ni mtu aliye kule juu tu ambaye angeweza kuwaambia walio chini.

Jambo la tatu: onyo lilipelekwa kwa Ahabu, naye Ahabu akatii.

Ahabu hakuwa rafiki wa Eliya. Alimwita mtaabishaji wa Israeli, na mke wake alikuwa amewaua manabii wa Bwana. Kama Eliya angenyamaza, Ahabu angeshuka bondeni kwa starehe yake, gari lake likanaswa matopeni, na pengine watu wangesema Mungu amemlipa. Bonde lile ni bonde la mto Kishoni. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 4 na ya 5, twasoma kwamba Sisera alishuka huko na magari 900 ya chuma, na mto ule ukawachukua watu wake. Eliya aliijua habari hiyo. Naye akamtuma mtumishi mbio ili adui yake asinaswe.

Je, sisi tungefanya hivyo? Unapojua kwamba maji yanashuka, je, utampigia simu jirani ambaye mna kesi ya mpaka wa shamba? Utawaambia watu wa kabila lingine walio ng'ambo ya mto? Utawaambia watu wa madhehebu mengine, na wale wasioingia kanisani kamwe? Maji hayaulizi mtu ni wa kanisa gani. Nabii Ezekieli, katika sura ya 33, anatuonya kwamba mlinzi akiona hatari inakuja asipige tarumbeta, damu ya waliokufa itatakwa mkononi mwake. Neno hili si la mchungaji peke yake. Ni la kila aliyepewa macho.

Na sasa tutazame alichofanya Ahabu. Mtu huyu mwovu, aliyeabudu Baali, alipoambiwa ashuke, alipanda gari lake akaenda Yezreeli. Hakubisha. Hakusema, mimi ni mfalme, mvua gani inaweza kunizuia? Wandugu, si ajabu hii? Ahabu alitii taarifa ya mvua, nasi tulio na vitabu vya nyimbo mikononi twasimama kando ya mto uliojaa tukisema, Bwana atatuvusha.

Twasema haya kwa uchungu, wala si kwa kumhukumu mtu. Jumamosi ya tarehe 4 Desemba 2021, kule mto Enziu karibu na Mwingi, basi lililochukua wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na maji likijaribu kuvuka. Watu zaidi ya 30 walikufa. Hawa walikuwa waimbaji, ndugu zetu katika Kristo, wakienda kufurahi na wanaofurahi. Mtu yeyote asiseme walikuwa na dhambi kuliko wengine. Bwana wetu alipopashwa habari ya watu waliokufa kwa jeuri ya Pilato, alitaja na wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa mawazo ya namna hiyo. Lakini aliwaambia walio hai wageuke. Sisi tulio hai tuna jambo la kugeukia. Maji ya kufika vifundoni tu, sentimita 15, yakienda kwa kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zaweza kuliinua gari dogo, na sentimita 60 huchukua magari mengi, hata yale makubwa tunayoyategemea. Tena maji ya tope hayakuonyeshi kama barabara chini yake bado ipo.

Tumkumbuke pia Mai Mahiu. Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 29 Aprili 2024, watu wakiwa wamelala, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, mahali ambapo njia ya maji ya chini ilizibwa na takataka na tope, yalipasua tuta yakashuka juu ya nyumba. Watu zaidi ya 40 walikufa usiku mmoja. Mwaka ule mafuriko yalichukua karibu watu 300 katika nchi yetu. Tunapofikiri juu ya njia ile ya maji iliyozibwa, twajiuliza: ni njia ngapi za namna hiyo ziko katika vijiji vyetu, na ni nani anayepita kuzitazama?

Basi, tufanye nini? Twapenda tuwaachie mambo machache ambayo kila parishi inaweza kuyafanya bila kungoja fedha kutoka ng'ambo.

Kwanza, tusikilize. Wengi wetu hukaza sauti ya redio wakati wa matangazo ya vifo, kisha taarifa ya hali ya hewa ikianza twazima ili kuokoa betri. Tukiisikiliza hii ya pili, pengine ile ya kwanza itapungua. Ziko na redio ndogo za vijijini, kama ile ya Kangema kule Murang'a na Bulala kule Budalang'i, zinazosema habari hizi kwa lugha ya mama.

Pili, tuchague watazamaji. Wazee wa kanisa, Umoja wa Akina Mama na vijana waketi pamoja kabla ya mvua, waulizane: nani anakaa juu mlimani? Nani anakaa karibu na daraja? Nani ana simu, na nani hana? Yule asiye na simu, hasa mjane na kilema, apewe mtu wa kumwendea mlangoni. Na kama kanisa lina kengele, watu wakubaliane na chifu ni mlio gani utakaomaanisha maji yanakuja, ili hata asiye wa kanisa letu aujue.

Tatu, tutazame njia za maji. Siku moja ya kazi ya mikono, kwa majembe na mapanga, kuondoa matawi na plastiki chini ya barabara ya kijiji, ni ibada inayompendeza Mungu.

Nne, tukubali kungoja. Harusi inaweza kuanza saa kumi badala ya saa nne. Mazishi yanaweza kufanywa kesho. Hata askofu anaweza kukuta mto umejaa, naye akarudi nyumbani, na kipaimara kikafanywa mwezi ujao. Mchungaji awe wa kwanza kusema, tungoje. Mchungaji akivuka, kondoo watamfuata majini.

Wapendwa, yule mtumishi alipopanda mara ya saba hakuona mafuriko. Aliona kitu kidogo ambacho ungeweza kukifunika kwa kiganja chako. Asiyetazama hangekiona. Hivi ndivyo Mungu wetu wa rehema anavyofanya mara nyingi: hutupa dalili ndogo wakati bado kuna nafasi ya kutengeneza gari na kushuka. Ni hivyo katika mvua, na ni hivyo katika nafsi zetu. Dhamiri inayokugusa kidogo leo juu ya dhambi unayoificha ni wingu dogo pia. Usingoje lifunike mbingu. Ahabu alitii onyo la mvua akafika nyumbani salama, lakini maonyo mengine ya Mungu aliyakataa, na mwisho wake twaujua. Tusiwe kama yeye katika hilo la pili. Tusikie yote mawili, lile la kuokoa mwili na lile la kuokoa roho, kwa maana yote mawili yatoka kwa Baba mmoja.

Na tuombe.

Ee Mungu Mwenyezi, wewe uliyeiwekea bahari mipaka yake, twakushukuru kwa mvua inayotulisha. Wakumbuke wote waliopoteza wapendwa wao katika maji, uwafariji. Wabariki watu wale wanaoamka kusoma vipimo na kutazama mito, ambao majina yao hatuyajui. Uwape macho makini na ulimi wa kweli. Utupe sisi masikio ya kusikia, miguu ya kupeleka habari hata kwa tusiowapenda, na unyenyekevu wa kungoja kando ya mto mpaka maji yapungue. Kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.